Nilipiga kura ya kutoka Ulaya, na sikudanganywa na basi jekundu

Tangu Mei 19, 2025, siku waziri mkuu wa Uingereza Keir Starmer alipokaa na mkuu wa Kamisheni ya Ulaya Ursula von der Leyen pale Lancaster House, London, wakatangaza kwamba Uingereza na Umoja wa Ulaya wanafungua ukurasa mpya, maongezi ya Waswahili wa huku Uingereza yameishia pale pale. Ukikaa arusini, ukienda hitma, ukipanda basi na mwenzako, utaskia Brexit, yaani Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, ilikuwa kosa, waliopiga kura ya kutoka walidanganywa, sasa wamefunguka macho na wanajuta. Desemba ikaja habari ya wanafunzi kurudi kwenye mpango wa Erasmus, ule wa kwenda kusoma nchi za Ulaya, kuanzia 2027, watu wakasema si unaona, wanarudi kidogo kidogo. Na ni kweli tafiti za maoni za miaka hii zinaonesha zaidi ya nusu ya watu wanaona kutoka kulikuwa makosa, hilo sibishi. Ninachobisha ni tafsiri yake. Mtu anaweza kukwambia nyumba yake imejengwa vibaya, bati linavuja na fundi kamwibia, na bado akakataa katakata kurudi kwenye nyumba ya kupanga. Wachambuzi wengi wanaskia malalamiko ya bati wanaandika kwamba mwenye nyumba anataka kupanga tena.

Mimi ni mmoja wa wale 17,410,742 waliosema tutoke. Ni mwanamke wa Tanga, Muislamu, nafanya kazi ya kea, yaani kuhudumia wazee, hapa Luton, yaani kwa picha ya kwenye televisheni mimi sio mtu wa Brexit kabisa. Nasema hivi: kwa wengi wetu kura ile haikuwa hesabu ya biashara. Kulikuwa na maswali mawili. La kwanza, anayetunga sheria inayonibana ni nani na nikimchoka namtoaje? La pili, kwa nini kwenye dirisha moja watu wawili wenye shida moja wanahudumiwa kwa sheria mbili tofauti? Kama huu ukurasa mpya unaleta sheria za Brussels, makao makuu ya Umoja wa Ulaya, bila kiti wala kura basi unatonesha kidonda kile kile, na watakaoshangaa tena ni wale wale walioshangaa asubuhi ya Juni 24, 2016.

Kwanza niweke sawa jambo ambalo hata ndugu zangu wa nyumbani huniuliza, ulipigaje kura na wewe Mtanzania? Sheria ya Uingereza inaruhusu raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi huku kihalali kupiga kura, na kwenye ile kura ya maoni ya Juni 23, 2016 tuliruhusiwa, wakati Mfaransa au Mpoland aliyekaa huku miaka 20 bila kuchukua uraia hakuruhusiwa. Ni mabaki ya ukoloni yaliyotupa sauti, nalijua hilo na sijivunii, ila nilikuwa na karatasi mkononi na niliitumia. Uchunguzi wa Lord Ashcroft, mfanya tafiti za kura, wa siku ile ulionesha asilimia 73 ya wapiga kura weusi walitaka kubaki na 67 ya wenye asili ya Asia hivyo hivyo, kwa hiyo mimi ni wa upande wa wachache kati ya wenzangu. Ila tulikuwepo. Luton, mji ambao sensa ya 2011 ilionesha Wazungu wenye asili ya Uingereza ni chini ya nusu, ulisema tutoke kwa asilimia 56.5. Slough 54.3. Leicester, mji uliojaa Wahindi waliofukuzwa Uganda na waliotoka Kenya na Tanzania, ulibaki kwa kupumulia, 51.1 kwa 48.9. Ukiniambia hawa wote walikuwa wabaguzi wa rangi au walishindwa kusoma, nakuomba uje ukae nao kwanza.

Umoja wenyewe haukuanza ulivyo leo. Uingereza iliingia Januari 1, 1973, wakati ule watu wakiita Soko la Pamoja, na 1975 waliulizwa kama wabaki, asilimia 67 wakasema ndiyo. Soko. Baadaye ukaja mkataba wa Maastricht, uraia wa Ulaya, sarafu moja (ambayo Uingereza iliikwepa), halafu Mei 2004 nchi kumi zikaingia kwa mpigo, nyingi za Ulaya Mashariki. Nchi nyingi za zamani ziliweka kizuizi cha muda kwa wafanyakazi wa huko, Uingereza, Ireland na Sweden zikafungua mlango siku ile ile. Serikali ilikuwa imetoa makadirio ya watu 5,000 hadi 13,000 kwa mwaka, wakaja mara nyingi zaidi ya hapo. Waliokuja ni watu wazuri, nimefanya nao kazi usiku na mchana, nimekula chakula chao, sina neno baya juu yao. Ila sheria ilikuwa kwamba serikali hairuhusiwi kugusa idadi yao, halafu 2010 chama cha Conservative kikaahidi kushusha uhamiaji, yaani wanaoingia ukitoa wanaotoka, mpaka chini ya laki moja kwa mwaka. Hebu fikiria, umeahidi kupunguza maji kwenye ndoo na bomba moja kati ya mawili huruhusiwi kulifunga, utafanya nini? Utalikaba lile jingine. Lile jingine ndo sisi.

Hapa nitasema langu moja kisha niendelee. Julai 2012 ilianza kanuni kwamba ukitaka kumleta mume au mke kutoka nje ya Ulaya lazima uwe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Mimi nilipata ukaazi wa kudumu 2015 baada ya miaka kumi ya visa za kubabaisha, mshahara wangu wa kea ulikuwa hata 15,000 haufiki, na mume wangu alikuwa Tanga na duka lake la vifaa vya ujenzi linaloenda vizuri, ila kipato chake cha kule hakihesabiwi. Tukajaribu, tukalipa ada na ile pauni 200 ya matibabu kwa kila mwaka wa visa, Februari 2016 barua ikaja tumekataliwa. Niliisomea chumba cha mapumziko kazini, saa nane usiku, chai imepoa mbele yangu na kengele ya chumba namba sita inalia. Mwenzangu wa zamu alikuwa Mreno, mumewe Mbrazil. Akanishika bega akauliza kuna nini, nikamwonesha, akasoma mara mbili hakuelewa, kwa sababu yeye kumleta mumewe hakuulizwa mshahara hata siku moja, kadi ya ukaazi ya mumewe ililipiwa pauni 65 basi. Kazi yetu moja, mshahara mmoja, wazee tunaowageuza kitandani ni wale wale. Na sio mimi mhamiaji tu, hata Mwingereza mzaliwa wa Luton aliyeoa Mkenya alibanwa na 18,600 wakati Mreno aliyeoa Mkenya hakubanwa. Hiyo ndo tofauti niliyoibeba mpaka kwenye kituo cha kupigia kura.

Najua mtu makini atanikatiza hapa, na ana haki. Atasema ile kanuni ya 18,600 haikutoka Brussels, ilitungwa London na waziri wa mambo ya ndani wa wakati ule Theresa May, sasa ulimpiga jirani kwa kosa la baba yako mwenyewe. Ni hoja nzito na niliifikiria sana kabla ya kura. Jibu langu ni kwamba baba alikuwa na kisingizio, na kisingizio chenyewe kilikuwa cha kweli. Kila tulipolalamika tuliambiwa idadi lazima ishuke, Ulaya hatuwezi kugusa, poleni. Wakilalamika wenye nyumba kuhusu kodi, wenye viwanda kuhusu ruzuku, jibu lilikuwa lile lile, sheria za Ulaya zimetufunga. Wakati mwingine ilikuwa kweli na wakati mwingine uongo, na mimi mwananchi wa kawaida sina namna ya kutofautisha, kwa hiyo hasira yangu haikuwa na anwani. Nilitaka anwani moja.

Na hilo linanipeleka kwenye sababu ambayo kwangu ni kubwa kuliko hata barua ile. Tony Benn, mzee wa mrengo wa kushoto wa chama cha Labour aliyepinga Ulaya tangu kura ya 1975, alikuwa na desturi ya kumuuliza kila mwenye madaraka maswali matano, la mwisho likiwa tutakutoaje. Kwenye Umoja wa Ulaya, wanaotunga mapendekezo ya sheria ni Kamisheni, chombo cha utendaji cha Umoja. Bunge la Ulaya tunalichagua, ndiyo, linarekebisha na linaweza kukataa, ila halina haki ya kuleta muswada wake lenyewe. Mawaziri wa nchi wanapiga kura kwa wingi maalumu, kwa hiyo nchi yako inaweza kushindwa na sheria ikakubana vile vile. Watetezi wanasema kila serikali mle ndani imechaguliwa na watu wake, na ni kweli, sio udikteta ule, siwezi kulitumia neno hilo nikijua udikteta ni nini. Ila angalia wananchi walipojaribu kusema hapana. Wafaransa na Waholanzi waliikataa katiba ya Ulaya 2005, sehemu kubwa ya yaliyomo ikarudi kama mkataba wa Lisbon na safari hii hawakuulizwa. Waayalandi wakaukataa Lisbon 2008, wakarudishwa kupiga kura 2009. Halafu Ugiriki. Julai 5, 2015 asilimia 61 walikataa masharti ya wakopeshaji, siku nane baadaye serikali yao ikakubali masharti makali, kwa sababu benki zilikuwa zimefungwa na hawakuwa na pa kwenda. Nakumbuka zile foleni za wazee wa Kigiriki kwenye mashine za pesa, euro 60 kwa siku. Mimi nimekulia kwenye nchi iliyopangiwa na IMF nini cha kufuta kwenye bajeti ya hospitali na shule, miaka ile ya mageuzi ya uchumi, najua ladha ya kupiga kura halafu sera ikabaki ile ile. Uingereza haikuwa kwenye euro, ni kweli, isingefungiwa benki namna ile. Ila niliona kinachotokea pale umoja unapogongana na kura, na nilijua nani anashinda.

Sasa niseme ukweli kuhusu hoja dhaifu za upande wetu, maana zilikuwepo na zingine zilinitia aibu. Lile basi jekundu la kampeni ya kutoka, lililoandikwa kwamba Uingereza inaipelekea Ulaya pauni milioni 350 kwa wiki, halikuwa sahihi, hesabu iliacha punguzo ambalo Uingereza ilikuwa inapata na pesa zilizokuwa zinarudi, hata mamlaka ya takwimu ililikemea. Juni 16, bango la Nigel Farage, kiongozi wa chama cha UKIP wakati ule, lenye foleni ya wakimbizi wenye rangi kama yangu lilitolewa asubuhi, na siku hiyo hiyo mbunge Jo Cox, aliyetetea kubaki, akauawa. Wiki ile karibu nibadilishe kura. Halafu kuna hoja ambayo Waafrika wengi tuliimeza, kwamba Ulaya inaua Afrika kwa ushuru wa kahawa iliyokaangwa, kwa hiyo Uingereza ikitoka wakulima wa Moshi na Kagera watatajirika. Hii ndo dhaifu kuliko zote kwa upande wetu wa Afrika Mashariki. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zote zilikuwa zinaingiza kila kitu Ulaya bila ushuru isipokuwa silaha, mpango uliokuwepo tangu 2001. Kahawa yetu iliyokaangwa ilikuwa na sifuri. Kinachotukwamisha ni mitambo, mtaji, vifungashio na masoko, na hilo halikubadilika hata Uingereza ilipotoka.

Kilichokuwa kweli kuhusu Ulaya na sisi ni kitu kingine, ni jinsi ilivyokuwa inajadiliana. Oktoba 1, 2014 muda waliouweka ulipita kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki haijamaliza EPA, mkataba wa biashara na Ulaya, na Kenya, ambayo peke yake haikuwa kwenye kundi la nchi maskini zaidi, ikaanza kutozwa ushuru, maua yake mpaka asilimia 8.5, hadi mwishoni mwa Desemba iliporudishiwa nafuu. Wafanyakazi wa mashamba ya maua ya Naivasha wangefanya nini? Tanzania 2016 ikagoma kusaini, mzee Mkapa alikuwa ameshapiga kelele muda mrefu kwamba mkataba ule utaua viwanda vichanga, na serikali ikataja na hii Brexit kama sababu ya kusubiri. Kenya na Rwanda zikasaini. Jumuiya yetu ikagawanyika kwa mkataba wa mtu mwingine. Na haki isemwe, Uingereza ilipotoka haikuja na kitu bora sana, ule mkataba wake na Kenya ulioanza 2021 kwa sehemu kubwa ni ule ule wa Ulaya umebadilishwa majina, japo mpango wake wa 2023 kwa nchi zinazoendelea ulilegeza kidogo kanuni za wapi bidhaa imetengenezwa. Kwa hiyo mtu asiniambie Brexit iliikomboa Afrika. Haikufanya hivyo.

Hoja za waliotaka kubaki zenye uzito ninazikubali nyingi. Ofisi ya bajeti ya Uingereza yenyewe inakadiria uzalishaji utakuwa pungufu kwa kama asilimia 4 kwa muda mrefu kuliko kama tungebaki, na pungufu hiyo haimpigi tajiri kwanza, inampiga anayesubiri halmashauri ilipie kea ya mama yake. Ireland ya Kaskazini ilitaka kubaki kwa karibu asilimia 56 na imeachwa na mpaka wa makaratasi baharini. Scotland ilitaka kubaki kwa 62 ikaburutwa. Na yule mwenzangu Mreno, Juni 24 asubuhi alikuja kazini macho yamevimba, akauliza mbele yetu wote nani hapa hanitaki. Nilimwambia ukweli wiki mbili baadaye. Hatukuongea mpaka mwaka mpya. Alipata haki ya kubaki kama mamilioni ya wenzake na tunaongea sasa, ila kuna kitu kilivunjika pale na mimi nilishiriki kukivunja.

Hoja ninayoikataa, na ndo inayotumika zaidi, ni kwamba tulidanganywa. Kwenye ule uchunguzi wa Ashcroft sababu ya kwanza kwa waliotaka kutoka, asilimia 49, ilikuwa kwamba maamuzi kuhusu Uingereza yafanyike Uingereza. Uhamiaji ulikuwa wa pili, 33. Mtu anaweza kusema hiyo sababu ni ya kipumbavu, au gharama yake ni kubwa mno, huo ni mjadala na nauheshimu. Ila ukisema mtu alidanganywa, umejitoa kwenye mjadala, umemfanya mtoto. Wengine wanatuambia wahamiaji tuliopiga kura ile kwamba tulipanda ngazi kisha tukaivuta. Ngazi ipi? Yangu ilikuwa na kifungu cha pauni 18,600.

Na baada ya kutoka kumetokea nini? Usawa ulikuja, ila ulikuja kwa kuwashusha wenzetu tulipokuwa, sio kutupandisha sisi walipokuwa wao. Hilo ndo jambo linaloniuma zaidi ya yote na siwezi kulificha. Mreno wa leo akitaka kuja na mume wa Kibrazil anabanwa kama mimi. Ila angalia na upande wa pili. Zile serikali zilizosema Ulaya imetufunga zilibaki bila kisingizio. Februari 2022 walifungua visa ya kea kwa sababu nyumba za wazee zilikuwa tupu, uhamiaji ukapanda mpaka zaidi ya laki tisa kwa mwaka, makea wengi sasa wakitoka India, Nigeria na Zimbabwe, halafu Machi 2024 wakawakataza makea kuja na familia na Julai 2025 serikali ya Labour iliyowafuata ikaufunga mlango kwa makea wapya wanaotoka nje. Ukatili mtupu kwa watu waliouza mashamba kuja huku, ila safari hii kila mtu anajua nani kafanya. Na ile kanuni ya wenza, Conservative waliipandisha Aprili 2024 mpaka 29,000 wakapanga kuifikisha 38,700. Julai 4, 2024 wakang'olewa, wakabaki na viti 121, na serikali mpya ikasimamisha kule kupandisha ikaagiza kamati ya washauri wa uhamiaji iichunguze upya. Ni kidogo sana, 29,000 bado ipo. Ila ni mara ya kwanza nikaona kura inaligusa lile lililonikata maini.

Kwa hiyo narudi kwenye Lancaster House. Erasmus naifurahia, mwanangu anaweza kuitumia. Meli za uvuvi za Ulaya kubaki kwenye maji ya Uingereza mpaka 2038 waulizeni wavuvi. Kinachonitisha ni ule mpango wa vyakula, mimea na wanyama, ambapo Uingereza imekubali kufuata sheria za Ulaya kadiri zinavyobadilika, na penye ubishi wa maana ya sheria zao neno la mwisho ni la Mahakama ya Ulaya. Watashauriwa zinapoandaliwa, hawatapiga kura. Wenye malori Dover wanautaka na nawaelewa, makaratasi yamewachosha. Ila tukianza hivi kwenye nyama na matunda, kesho kwenye umeme, kesho kutwa kwenye viwanda, tutafika mahali tunafuata vitu vingi kuliko kabla ya 2016 bila hata yule mbunge wa Ulaya tuliyekuwa naye. Kama watu wanataka kurudi, basi waulizwe wazi warudi wazima, na kiti chao na kura yao na bili yake mezani. Nitapiga kura ya hapana nikishindwa nitakubali. Kuingizwa mlango wa nyuma kwa lugha ya wataalamu ndo kutazaa hasira ya pili, na Farage yupo anasubiri hiyo hiyo, siku hizi na chama kikubwa kuliko cha 2016.

Hata nyumbani nawatazama kwa wasiwasi huo huo. Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi nane, sarafu moja imesogezwa mpaka 2031, na wabunge wake wa Arusha hatuwachagui sisi, wanachaguliwa na mabunge ya nchi. Mimi naitaka jumuiya ile, watu wa Tanga na Mombasa ni ndugu kabla ya mpaka. Ndo maana nataka mama muuza samaki wa Vanga, pale mpakani upande wa Kenya, ajue leo, kabla ya sarafu na kabla ya shirikisho, ni nani wa kumlaumu Arusha na anamtoaje.

Mume wangu alikuja 2018, nilipoongeza kazi ya pili ya wikiendi na hesabu ikafika. Brexit haikumleta, mgongo wangu ndo ulimleta. Kuna binti wa Moshi tunafanya naye kazi sasa, mumewe yuko kule, na kwa saa 40 kwa wiki za kima cha chini cha 2025, pauni 12.21, alipata kama 25,400 kwa mwaka. Jumapili iliyopita tulitandaza slipu zake za mshahara juu ya meza ya jikoni kwangu tukahesabu mara tatu, pungufu ya kufika 29,000 ikatoka 3,600. Tumemwandikia mbunge wetu barua ya kurasa mbili, kwa majina yetu yote mawili, na katibu wake kajibu tuje Ijumaa saa nne asubuhi.